Mvua Ikikatika Tutafundishwa

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza daftari hili kwa sababu mdomo wangu haufanyi kazi. Si bubu. Nyumbani naongea mpaka mama ananiambia nimpumzishe masikio. Ila nikisimama mbele ya watu watatu na kuendelea, maneno yanakwama kooni kama mwiba wa samaki, nabaki kutabasamu tu. Shuleni tulifundishwa kwa lugha moja, nyumbani tunaongea nyingine, na mimi nimefanikiwa kunyamaza kwa zote mbili.

Mtihani wa mwisho nimeshafanya, matokeo bado. Kwa hiyo baba kanileta kwa dada yake, shangazi yangu, mwenye duka la udobi. "Akae na watu," alimwambia, "labda atachangamka." Kana kwamba mimi ni donge la unga, nikiwekwa mahali pa joto nitaumuka.

Duka lina vyumba vitatu. Cha mbele ni cha kupokelea nguo. Cha kati ni cha kufulia, kina mabeseni manne ya saruji na mashine mbili zinazotetemeka kama zina homa. Cha nyuma ni cha pasi. Uani kuna kamba kumi na sita za kuanikia.

Anayefua ni Bi Madoa. Jina amepewa kwa kuwa hakuna doa lililowahi kumshinda. Analitazama, analinusa, kisha anakuelezea maisha ya mwenye nguo. "Huyu aliandika barua kwa haraka, kalamu ikamvujia. Na hakuituma, maana karudi kuifuta na mkono." Ana miaka ishirini na miwili hapa. Anayepiga pasi ni kijana anaitwa Mvuke, kwanza kwa sababu ya pasi, pili kwa sababu mdomo wake haujawahi kuzimwa. Dakika kumi baada ya kuniona alikuwa ameshanipa jina. Kimya.

Mvua imeanza leo mchana.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimebandika namba kwenye mashuka themanini na mawili. Sijaongea na mtu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimegundua kwamba hapa hakuna anayefundishwa. Mgeni husimama kando ya Bi Madoa siku tatu, mikono nyuma, anatazama. Haulizi. Siku ya nne anapewa nguo moja, na akiikosea anarudi kusimama. Mvuke alirudishwa kusimama mara tano, anasimulia kwa fahari kama mtu aliyepigana vita.

"Jicho ndilo shule," Shangazi anasema. "Mimi nani alinifundisha?"

Sheria nyingine ni ya mifuko. Kila nguo hukaguliwa mifuko kabla ya kulowekwa, na ukikuta kitu unapaza sauti, "Mfukoni!" Wote wanaacha kazi. Unakitaja kitu hicho hadharani, hata kama ni kijiti cha meno, kisha kinakwenda kwenye sinia la Shangazi. Hakuna kuficha. Hivyo mteja akija kudai kitu, kila mtu shahidi. Leo wamekuta meno ya bandia. Bi Madoa aliyataja kwa heshima zote, "Mfukoni! Meno, ya juu tu," na Mvuke akajibu kutoka nyuma, "Ya chini yamebaki kulinda nyumba!"

Nilicheka kwa sauti. Wote wakageuka kunitazama. Nikaenda kujificha nyuma ya mashuka.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ndefu.

Wiki nzima jua halijaonekana. Nguo uani zinaning'inia zikizidi kulowa, na watu wanaleta zaidi, kwa sababu hata kwao hazikauki. Shangazi kanunua mashine ya kukaushia. Imeletwa leo, nyeupe, kubwa kama kabati la bibi harusi, na mlango wa kioo wa mviringo. Mvuke aliinamia kioo akachana nywele.

Aliyeileta alimpa Shangazi karatasi ya kusaini. "Mama, mkufunzi wetu atakuja siku mbili kuwafundisha wafanyakazi wako. Gharama yake imo kwenye bei. Chagua tu siku."

"Siku mbili? Mashine zimezimwa?"

"Ndiyo, wawe wametulia."

"Na mvua hii! Mwanangu, unaona marundo haya? Nikisimama siku mbili nitazikwa humu. Mvua ikikatika nitakuiteni."

Bi Madoa alikuwa anakamua taulo. Akauliza bila kugeuka, "Bosi, kwa hiyo tutafundishwa lini?"

"Nimesema, dada. Mvua ikikatika."

Baadaye, tukiwa wawili chumba cha mbele, Shangazi aliniambia sababu ya pili, ile ambayo hakumwambia mtu wa mashine. Alinyoosha kidole ng'ambo ya barabara. Kule kuna duka jingine la udobi, dogo, na kibao cha bluu. "Yule mwenye duka lile, nilimlipia mafunzo ya miezi mitatu ya kufua makoti na suti. Alirudi anajua kila kitu. Hakumaliza mwaka, akafungua lake mbele ya macho yangu. Kila asubuhi ananipungia mkono!" Na kweli, saa hiyo hiyo mtu huyo alitokea mlangoni akapunga. Shangazi akampungia kwa vidole viwili.

Kisha akanishika bega. "Mama, wewe umesoma. Kitabu cha mashine si ni cha lugha ya shule? Kisome, utuandikie karatasi fupi. Mafunzo yenyewe ndiyo hayo."

Nilitikisa kichwa kukubali. Sikuwahi kuulizwa na mtu mzima kitu ambacho yeye hakijui na mimi nakijua. Nilijisikia mrefu.

Jumanne, 12 Machi

Naandika ukweli kwa kuwa daftari halina mdomo.

Kitabu kina kurasa sitini na nne. Sura ya kwanza inaitwa "Kabla ya kutumia", nayo ina michoro na maonyo na herufi ndogo kama sisimizi. Nilisoma ukurasa mmoja nikaona unachosha. Mvuke alikuwa ananichungulia kila dakika, "Kimya, tayari? Msomi, tayari?" Nikaruka mpaka kwenye vitufe. Nikaandika karatasi, nikaibandika kwenye mashine:

1 – pamba nene, taulo
2 – mashuka, mashati
3 – sufu
4 – nguo laini
5 – hewa tu

Mwandiko mzuri sana. Shangazi aliisoma akasema, "Kurasa sitini, hii hapa mistari mitano! Siku mbili za mkufunzi wanataka kutufanyia nini?"

Kwenye boksi kulikuwa pia na kichanja cha waya cheupe, kina miguu minne. Mvuke alikichukua, akakiweka jikoni juu ya meza, akapanga vikombe vyetu vya chai kichwa chini. Vilikaa kama vimepimwa. "Hawa watu wana akili," alisema. "Wanajua mfanyakazi bila chai si mfanyakazi." Wote tulikubaliana.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Taulo arobaini zimekauka kwa saa moja. Bi Madoa alizishika kila moja, akazipeleka shavuni, akasema, "Kumbe jua linaweza kufungiwa kwenye kabati."

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Bi Madoa: "Bosi, mkufunzi lini?" Shangazi: "Mvua ikikatika."

Jumanne, 26 Machi

Mvua ilikatika dakika ishirini. Mvuke alikimbia uani na kengele ya mlangoni akiipiga na kupaza sauti, "Imekatika! Aitwe mkufunzi!" Kabla hajarudi ndani ikaanza tena. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

Bi Madoa sasa ananiita Mwalimu. Kila akiweka nguo kwenye mashine ananiita nimsomee karatasi, ingawa naona anaweza kusoma mistari mitano. Leo nilimuuliza kwa nini. (Ndiyo, nilimuuliza, kwa sauti.) Akasema, "Mwanangu, beseni nalijua. Nikikosea nalisikia kwenye vidole kabla nguo haijaharibika. Hili kabati linafunga mlango. Nikikosea humu, nitajua baada ya kufungua. Ndiyo maana nataka mtu anifundishe, siyo nibahatishe."

Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi nabahatisha. Neno lilifika hapa, likarudi.

Jumatano, 3 Aprili

Kimekuja kikundi cha bendi ya matarumbeta, ile inayopiga kwenye sherehe. Sweta kumi na nne nyekundu za sufu, zimerukiwa na tope. Kiongozi wao ana tumbo la ngoma kubwa na anaipiga ngoma kubwa, kwa hiyo ukimtazama hujui mwisho wa kimoja na mwanzo wa kingine. "Jumamosi saa nne tunapiga," alisema. "Bila sweta hizi sisi ni wapita njia."

Shangazi alimwahidi kesho jioni.

Alhamisi, 4 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Bi Madoa alifua sweta zote kwa mkono, kwa maji ya uvuguvugu, bila kuzisugua. Tope lilitoka lote. Zikabaki kukaushwa. Kwa kawaida angezitandaza juu ya meza siku mbili, lakini Shangazi aliahidi jioni.

Alisimama mbele ya mashine na sweta mikononi muda mrefu. "Mwalimu, karatasi inasemaje?"

"Sufu, tatu."

"Sufu na joto haviivani. Una hakika?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema sina hakika. Maneno mawili tu. Shangazi alikuwa pale, Mvuke alikuwa pale, mteja mmoja alikuwa amechungulia mlangoni. Watu watatu na kuendelea. Nikatikisa kichwa kukubali.

Akaweka sweta saba za kwanza, akabonyeza tatu. Tuliziona kwenye kioo zinabingirika kama nyanya. Zilipotoka zilikuwa zimekauka kabisa, ngumu, nene, na kila moja ingemtosha mtoto wa darasa la pili.

Bi Madoa alinyanyua moja, akajaribu kuivuta, akaikunja vizuri kama vile bado ni nguo ya mtu mzima.

Kiongozi wa bendi alifika saa kumi na moja. Alikuwa na haki ya kutukana. Badala yake aliichukua sweta yake, akaivaa, sijui kwa nini, nadhani hakuamini macho. Mikono ilifika kwenye viwiko. Kwa chini ikaishia juu ya kitovu. Alisimama hivyo katikati ya duka, akauliza kwa upole, "Dada zangu, hii ndiyo niliyoileta?"

Mvuke alikimbilia chumba cha nyuma. Tulimsikia akicheka ndani ya mto wa pasi.

Shangazi hakucheka. Aliomba radhi, akaahidi, akamsindikiza mpaka barabarani na mwavuli. Aliporudi sauti yake ilikuwa ndogo, na Mvuke anasema akiwa na sauti ndogo ndipo umwogope. "Dada, miaka yote hii na sufu. Wewe?"

"Mikono ilikataa, Bosi," Bi Madoa alisema. "Lakini nikajiambia, karatasi imesoma, mimi sijasoma."

Shangazi alimtazama, kisha akaitazama mashine. "Labda kazi imebadilika, imetuacha. Kuna watu wamekwisha kujifunza mashine hizi huko walikotoka. Nitatafuta mmoja. Wewe upumzike, dada. Umefanya kazi vya kutosha."

Kupumzika. Amesema neno hilo kama zawadi. Bi Madoa alijifuta mikono, akafungua mkanda wa aproni, akaufunga tena. "Mpaka Jumamosi sweta ni zangu," akasema. "Sijazirudisha kwa mwenyewe, siendi popote."

Ijumaa, 5 Aprili

Nilifika kabla ya wote. Nikafungua kitabu sura ya kwanza, ile niliyoiruka. Ukurasa wa sita una mchoro mkubwa. Ndani ya mashine, chini ya sweta iliyolala imetulia, kuna kichanja cha waya cheupe, miguu minne. Maelezo yanasema namba tatu haitumiki bila kichanja, ili sufu isibingirishwe kwenye joto. Inalala juu ya kichanja na hewa inapita.

Nilikwenda jikoni. Vikombe sita, kichwa chini, vinadondosha maji taratibu.

Sijawahi kuona kitu kinachonicheka kama kile.

Bi Madoa alichukua zile sweta saba, akaziloweka kwenye maji ya uvuguvugu na dawa ya kulainishia nywele, ile ya saluni, chupa tatu. Baada ya nusu saa akaanza kuzivuta. Siyo kwa nguvu. Anavuta kidogo, anaachia, anazungusha, anavuta, kama anayemwamsha mtoto. Kisha akazitandaza mezani, akazibana kingo kwa pini juu ya karatasi aliyochora umbo la sweta nzima. Mvuke alisimama kando yake, mikono nyuma, siku nzima.

Nami nilisimama. Nikiwa na ukurasa wa sita mfukoni.

Shangazi alikuwa kwenye simu chumba cha mbele. "Anayeijua mashine. Ndiyo. Aanze tarehe kumi na tano."

Jumamosi, 6 Aprili

Sweta saba ambazo hazikuingia kwenye mashine ziko salama. Katika zile saba nyingine, tano zimerudi, zimebana kidogo. Mbili zimekataa. Kiongozi wa bendi alijaribu yake, ikafika kiunoni, akapumua, ikapanda, akashusha, akasema, "Nitapiga bila kupumua." Wale wawili wasio na sweta watapiga matoazi nyuma ya ngoma kubwa, ambako, alisema, hajawahi kuonekana mtu.

Alimpa mkono Bi Madoa, siyo Shangazi.

Jioni nikamwandikia Shangazi barua. Ukurasa mmoja. Nilisema karatasi ni yangu, kwamba niliruka sura, kwamba Bi Madoa aliniuliza nikadanganya kwa kichwa, kwamba kichanja kinabeba vikombe. Nikaiweka kwenye mfuko wa aproni yake iliyoning'inia mlangoni. Kila asubuhi anaivaa na kutia mkono mfukoni kutafuta kalamu. Ataisoma peke yake. Atanifukuza peke yake. Nami nitakuwa nimesema bila kusema.

Jumatatu, 8 Aprili

Nilipanga kila kitu isipokuwa supu. Jumapili Shangazi alipitia dukani, akamwagikiwa na supu yake, akaitupa aproni kwenye kapu la nguo chafu.

Asubuhi niko meza ya mbele nikisubiri hukumu, nikamwona Shangazi amevaa aproni nyingine, safi. Kabla sijanyanyuka nikasikia kutoka chumba cha kati:

"Mfukoni!"

Wote wakaacha kazi. Ndiyo sheria. Shangazi akaenda, nami nyuma yake.

"Barua," Bi Madoa alitaja. "Aproni ya Bosi."

"Soma mwenyewe, mikono yangu ina sabuni," Shangazi alisema. "Hapa hatufichani."

Bi Madoa hakuwa na miwani. Akampa Mvuke. Na Mvuke, ambaye husoma hata namba za mashuka kama mtangazaji wa mpira, alisoma barua yangu kwa sauti kubwa kutoka "Shangazi mpendwa" mpaka "naomba usimpumzishe Bi Madoa kwa kosa langu". Alianza kwa mbwembwe. Alipofika kwenye kichanja sauti ilipungua. Mwisho alikuwa anasoma kama anayesoma jina lake kwenye orodha ya wagonjwa, maana aliyepanga vikombe ni yeye.

Kimya. Si mimi, chumba.

"Nenda ukalete hicho kichanja," Shangazi akamwambia.

Mvuke alikileta, kikombe kimoja kimening'inia bado. Shangazi alikitia ndani ya mashine. Kilikaa kama kimezaliwa humo.

Nilisubiri anigeukie. Hakunigeukia. Alikuwa anakitazama kichanja. "Nilimpa mtoto wa shule kazi ya mkufunzi," alisema, "kisha nikamlaumu mfuaji."

Hapo ndipo Bi Madoa akasema. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo mfululizo ambayo hayahusu doa.

"Bosi, niruhusu. Wewe unasema tutafundishwa mvua ikikatika. Mvua ikikatika nguo zinakauka uani bure. Hili kabati la nini tena? Linatakiwa wakati wa mvua, basi kulijua nako kunatakiwa kabla mvua haijatupiga. Tungefundishwa siku lilipoingia mlangoni, kabla halijala hata leso."

"Ningefunga siku mbili, dada."

"Na sweta zimekufunga siku ngapi?"

Shangazi alihesabu kwa vidole, akaacha alipofika kidole cha tatu.

"Sawa. Lakini nikiwafundisha mtaondoka. Nilishaumwa na nyoka." Kidole chake kikaelekea ng'ambo ya barabara chenyewe.

"Yule hakuondoka kwa sababu ulimfundisha," Bi Madoa alisema. "Nilikuwepo. Alirudi na ujuzi wa makoti, ukamrudisha kwenye beseni la soksi. Mwaka mzima, soksi. Hata mimi ningefungua duka."

Mvuke alisema polepole, "Mimi ningefungua mawili."

Shangazi aliangua kicheko, kile cha kukaa chini, akakaa juu ya kapu la nguo chafu, na machozi yakamtoka, sijui ya nini. Aliponyanyuka alikwenda kwenye simu. Tulisikiliza wote mlangoni. Kwanza alimwambia mtu fulani kwamba nafasi ya kazi haipo tena, mwenyewe yupo. Kisha akapiga nyingine: "Mkufunzi wenu. Alhamisi na Ijumaa. Ndiyo, najua inanyesha. Ndiyo sababu."

Bi Madoa akarudi kwenye beseni. Aliponipita aliniambia chini chini, "Siku nyingine, mwanangu, ukiwa hujui, sema hujui. Ni maneno mawili. Hayajawahi kufupisha sweta."

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Shangazi ameandika kwenye ukuta wa kupokelea, kwa kalamu nene: HAKUNA MASHINE ITAKAYOWASHWA KABLA WANAOITUMIA HAWAJAFUNDISHWA, SAA ZA KAZI. Mvuke ameomba iongezwe "pamoja na chai". Imekataliwa.

Alhamisi, 11 Aprili

Mkufunzi ni dada mmoja mdogo mwenye sanduku la vifaa na viatu vya mvua vya njano. Aliuliza wangapi watatumia mashine. Tukasema watatu. Akamwuliza Shangazi, "Na mwenye duka?" Shangazi akasema yeye atakuwa mbele na wateja. "Hapana, mama. Mwenye duka asiyejua mashine ndiye anayeahidi jioni." Sijui nani alimwambia. Shangazi alivaa aproni.

Kwa hiyo mbele nikawekwa mimi. Peke yangu, mlango umefungwa nusu, na nje watu kumi na wanane na mifuko ya nguo mbichi, na mvua inapiga. Sikuwa na karatasi wala kitabu.

"Mbona mmefunga?" mama mmoja aliuliza. Alikuwa na shuka za mtoto kwenye beseni kichwani.

Nilifungua mdomo. Mwiba ulikuwepo. Nikaongea juu yake.

"Leo na kesho hatupokei. Tunajifunza."

"Mnajifunza nini, kufua? Si ni madobi nyie?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. "Mashine mpya. Tuliitumia bila kuijua, tukaharibu sweta za bendi."

"Aa! Ni nyie!" akasema mzee mmoja. "Niliona mpiga ngoma hapumui!"

Basi nikaongea. Niliwaambia Bi Madoa yumo ndani anafundishwa na akitoka atakuwa anaijua kuliko kiwanda. Yule wa ng'ambo alikuwa amesimama chini ya kibao chake cha bluu, anatazama. Shangazi alitoa kichwa kutoka chumba cha kati, akawaona watu, akamwona yeye. Akavuta pumzi kama mpiga ngoma. "Waambie waende kwake leo," akaniambia. "Za haraka tu."

Nikawaelekeza. Jioni yule jirani alivuka na mfuko mmoja. "Mwambie shangazi yako, hizi za sufu nimezirudisha. Za sufu ni za Bi Madoa." Hakupunga mkono. Alibaki mlangoni, ananyoosha shingo, akitaka kuona mashine. Shangazi alimwacha atazame.

Shangazi ndiye mwanafunzi mbaya kuliko wote. Anauliza swali, kisha anabonyeza kabla hajajibiwa.

Ijumaa, 12 Aprili

Siku ya mtihani. Mkufunzi alileta kipande cha sufu cha majaribio, lakini Bi Madoa alikikataa. "Kitambaa kisicho na mwenyewe hakimfundishi mtu." Akavua sweta yake mwenyewe, ya kijivu, aliyofumiwa na marehemu mama yake, iliyokwisha kwenye viwiko. Hata mkufunzi alishtuka. "Bibi, siyo lazima."

"Ni lazima kwangu."

Aliifua kwa mkono, akafunga kichanja mwenyewe. Akailaza sweta, akainyoosha mikono kama anayemlaza mgonjwa. Akafunga mlango, akabonyeza tatu, na safari hii hakumwita mtu amsomee. Tulikaa mbele ya kioo, wote watano, dakika arobaini. Sweta ilikuwa imelala tuli mle ndani. Mvuke hakusema neno hata moja. Nadhani ndiyo rekodi yake ya maisha.

Mashine ikalia. Bi Madoa alifungua, akainyanyua mabegani kwake, akaipima. Mikono mpaka kwenye vifundo. Chini mpaka kiunoni. Akaivaa.

Mimi ndiye niliyepiga kelele kwanza. Nimeulizwa baadaye na Mvuke, na nakiri, ilikuwa sauti yangu.

"Bibi," mkufunzi alisema, "nimeambiwa ulizirudisha sweta zilizofupika. Nami naomba unifundishe hiyo, kwa sababu kitabuni haimo."

"Simama hapa," Bi Madoa akamwambia, akivuta mikono ya sweta. "Na uulize chochote. Lakini ngoja kwanza, siivui hii. Imetoka ikiwa na joto."

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua. Wateja hamsini na mmoja. Nimeongea nao wote. Sauti imenikauka kabisa.